Mkono Uliosahau Kuamka

Msusi alipokuwa akisuka, viwiko vyake vilipanda na kushuka polepole kama mtu anayeogelea. Wateja walisinzia mikononi mwake.

Siku moja aliteleza kwenye maji ya sabuni, akaangukia kiwiko. Kikavunjika vipande vipande. Hospitalini walimfanyia upasuaji. Wakavipanga vile vipande, wakavishika kwa mabamba ya chuma na skrubu ndogo.

"Mfupa umeshikwa," daktari alisema. "Sasa uje mazoezi, ufundishwe kukunja mkono."

Hakwenda. Aliukumbatia mkono kama mtoto mchanga. Kila akisinzia, aliota skrubu zinadondoka sakafuni, ting, ting, kama shanga zilizokatika uzi.

"Usiuguse, mwanangu," mama mkwe alimwambia. "Uache ulale."

Mkono ukalala. Ukalala hadi ukasahau kuamka.

Binti yake akaleta kitana. "Mama, nisuke."

Msusi akaunyanyua mkono. Ukakwama njiani, kichwa cha mtoto kikawa mbali kama mwezi. Machozi yakamtoka. Kama hasuki, yeye ni nani?

Jioni akaingia jirani yao, mtaalamu wa mazoezi pale hospitalini.

"Dada, mbona umetukimbia?"

"Naogopa. Chuma kitachomoka."

Jirani akauchezesha mlango, akagusa chuma kinachoushikilia kwenye fremu. "Hii nini?"

"Bawaba."

"Imeshikwa na nini?"

"Skrubu."

"Na mlango mnafungua?"

"Kila siku!"

"Usipofunguliwa je?"

Mama mkwe akadakia, "Bawaba itashika kutu!" Akaziba mdomo. "Loo! Nimejifunga mwenyewe."

Wakacheka wote.

"Kiwiko nacho ni bawaba," jirani akasema. "Umewekewa chuma ili uanze kukunja mkono mapema. Ila usibebe ndoo, usiuegemee, na mtu asikukande wala kukuvuta. Kidonda kikitoa usaha, au vidole vikifa ganzi, kimbia hospitali."

"Nimechelewa?"

"Umechelewa, lakini mlango haujafungwa. Kesho njoo."

Kesho yake msusi akaenda. Kisha kila asubuhi, dirishani, alikunja na kukunjua taratibu alivyofundishwa. Mama mkwe akamwimbia kama anayeamsha mtoto. Mkono ukafika kidevuni. Siku nyingi baadaye, ukafika sikioni.

Hatimaye binti akakaa tena miguuni pake. Vidole vikaingia nyweleni, viwiko vikaogelea.

Binti akazitazama nywele zake kwenye kioo. "Mama! Njia imepinda!"

"Mkono ndio kwanza umeamka," msusi akasema. "Bado una usingizi."