Spika ya Bi Fakhriya

Mwaka 1948, kila asubuhi kabla ya skuli, Thuraiya alimpelekea bibi yake chai na mkate wa kumimina. Bi Fakhriya alikuwa ndani ya eda ya mumewe, hatoki chumbani. Siku ya arubaini ya marehemu ilifika. Alasiri wanaume wangesoma hitima barazani, na bibi alikuwa na ombi moja tu: aisikie.

Mwanawe Msellem, fundi wa redio mjini Mkoani, alileta maikrofoni, spika mbili na amplifaya ya betri ya kukuza sauti. Kubwa aliiweka barazani. Ndogo, iliyotoka kwenye redio kuukuu, aliipeleka chumbani kwa mama yake.

"Thuraiya, mashine hii ina nguvu na spika ya bibi yako ni dhaifu," alisema. "Sauti isipite alama hii ya chaki kwenye kitufe."

"Sawa, ami."

Ami alipokwenda kuswali adhuhuri, bibi naye akikoga, Thuraiya na binamu yake Mwanawema walijaribu kuimba kwenye maikrofoni.

"Ongeza! Hata paka hakusikii!" Mwanawema alimcheka.

Thuraiya akaongeza. Spika ya chumbani ilikoroma, ikanuka kuungua, ikanyamaza. Akairudisha sauti kwenye chaki, akafunga mdomo.

Alasiri wasomaji walikaa tayari, lakini spika zote mbili, zilizofuatana kwenye waya mmoja, hazikutoa sauti. Ami Msellem alifuata waya huku na huko, jasho likimtiririka.

"Msellem, mpaka lini? Udi wenyewe umekwisha!" Bi Fakhriya aliita kutoka ndani.

"Mama, niwie radhi! Betri nimeshaibadilisha mara mbili!"

"Basi badilisha na fundi!"

Ami alianza kuifungua amplifaya yenyewe. Shehe alikohoa, akafungua msahafu. Thuraiya aliona hitima itaanza na bibi yake hatasikia neno.

"Ami, mashine ni nzima. Nimeunguza spika ya bibi. Nilipita chaki."

"La haula! Nusu saa nahangaika, nawe umesimama unanitazama?"

Ami aling'oa spika kubwa ya barazani, akaifunga chumbani. Wanaume wangemsikia msomaji kwa kinywa chake. Sauti ikaingia safi. Jina la mumewe lilipotajwa katika dua, Bi Fakhriya alijifunika uso kwa kanga.

Baadaye alimwita mjukuu wake.

"Spika ilipewa nguvu isiyoiweza, ikaungua. Hilo nimekusamehe, ami yako atatafuta nyingine. Lakini ukikosea, sema pale pale, wakati bado pana la kufanya. Dua hii ingenipita kwa kunyamaza kwako, ningeitafuta wapi tena?"