Aliyemwiba Bi Kulthumu

Kitanda kilikuwa kitupu na shuka limetandikwa vizuri, jambo ambalo watekaji nyara huwa hawajisumbui nalo.

Asubuhi ile ya mwaka 1998, Inspekta Sultan alikizunguka mara moja. Dirisha zima, kitasa kizima. Ndani ya droo, bangili za dhahabu za mgonjwa, Bi Kulthumu, hazikuguswa. Mtaalamu wa alama za vidole alifungasha brashi zake akatikisa kichwa.

"Ametekwa," alisema Bi Constance, nesi wa zamani kutoka Moshi, ambaye sasa aliendesha makao hayo ya wazee pale mtaa wa Berea. "Bibi wa miaka sabini na tisa, amepooza upande mmoja. Ataondokaje peke yake?"

"Kimepotea nini?"

"Hakuna. Mfuko tu wa nailoni uliokuwa juu ya kabati. Kitambaa cheupe, pamba, na kichupa cha marashi. Vikorokoro vya uzee."

Sultan aliinua uso. Marehemu bibi yake, kule kitongoji cha Chatsworth, alikuwa na mfuko kama huo, na mtoto aliyeugusa alichapwa.

"Hiyo ni sanda, Bi Constance. Mtekaji angeacha sanda akachukua dhahabu. Leo bibi alikuwa na miadi gani?"

"Wakili anakuja. Bibi aweke sahihi nyumba yake iuzwe, ilipie matunzo mpaka mwisho wake. Wote hapa wamefanya hivyo."

"Na yeye alikubali?"

Bi Constance alianza kunyoosha shuka lililokwisha kunyooka.

Basi jambo likawa wazi. Bi Kulthumu alikuwa ameondoka kwa hiari yake, na sanda yake imemfuata anakotaka kufia. Sultan aliwasha gari kuelekea Chatsworth, kwenye nyumba ya bibi iliyotakiwa kuuzwa.

Mlango ulifunguliwa na Lulu, binti pekee wa Bi Kulthumu.

"Mama yako yuko wapi?"

"Unamtaka kwa hati ya mahakama au kwa salamu?"

"Nachunguza utekaji nyara."

"Eish, kaka. Nifunge basi. Nilimbeba mgongoni tukapita mlango wa mbele, mlinzi akatufungulia. Kwenye taxi akanigombeza njia nzima, eti namtikisa."

"Mwache aingie," sauti ilitoka ndani. "Ila avue viatu."

Bi Kulthumu alikuwa kwenye kiti chake, mkono mmoja umelegea mapajani, macho makali. Vikombe vya chai mezani vilikuwa bado vina moto. Imamu, daktari, wakili wa msikiti na mashahidi walikuwa wametoka muda huo huo.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Andika maelezo yangu, mwanangu. Mwizi ni mimi. Nimejiiba."

"Kwa nini?"

"Kule mtaa wa Bluff nilikuwa na nyumba. Makaburu wakaleta buldoza, wakanitupa huku. Hawakuniomba sahihi. Huyu Constance angalau kaleta kalamu. Nikasema, nitaishika mimi kwanza. Tangu leo nyumba hii ni wakfu. Haiuzwi, hairithiwi, haiwekwi rehani. Lulu ataishi humu, na wanawe, na watakaozaliwa nao."

"Atasema umekimbia deni."

"Ada ya mwezi nimelipa mpaka mwisho. Hanidai hata kikombe cha chai."

"Atasema huna akili timamu."

"Daktari alikuwepo. Kaniuliza rais ni nani. Nikamtajia, pamoja na wote waliomtangulia, na nilivyomlaani kila mmoja."

Sultan alibana kicheko. "Na nani atakuogesha, Bibi?"

"Mimi," alisema Lulu. Aliogopa, hilo lilionekana, lakini hakurudi nyuma.

Inspekta alifunga daftari. Jaladani angeandika kwamba hakuna jinai. Moyoni alifurahi, na hakuona haya kufurahi.

"Kabla hujaenda," alisema Bi Kulthumu, akionyesha mfuko wa nailoni miguuni pake, "huyu binti yangu mfupi. Niwekee juu ya kabati, kule chumbani."

Sultan aliupandisha taratibu kwa mikono miwili.

"Sukuma nyuma zaidi," bibi alimwagiza kutoka kitini. "Siuhitaji leo wala mwaka huu. Ila siku ikifika, inikute kwangu."