Jiwe Nyuma ya Redio

Mniwie radhi kabla sijaanza, kwa sababu hadithi hii nitaiharibu. Wenye kipaji humleta jini usiku wa manane, paka mweusi ameshapangwa juu ya paa na upepo umeshalipwa marupurupu. Jini langu mimi lilikuja saa nne asubuhi, wakati wa chai, kwenye kibanda cha mabati pale Suneka, na halikuwa hata na adabu ya kuzima jua. Nitawaeleza hivyo hivyo. Nikikosea nirushieni maganda ya ndizi, si mawe. Jiwe lina kazi yake humu ndani.

Mwenye kibanda aliitwa Okemwa, fundi wa kufunga redio kwenye magari. Huyu bwana alikuwa na mdomo! Aliongea na wateja, wateja wakiondoka akaongea na nyaya, nyaya zikimchosha akaongea na bisibisi. Mama yake, Nyangate, hakumwambia anyamaze hata siku moja. Macho ya mama yalikuwa yamezimika miaka sita, na tangu hapo alimjua mwanawe kwa sauti tu. Yeye barazani akichambua mboga, Okemwa kibandani akipayuka, hatua thelathini baina yao: basi mama alijua dunia iko mahali pake.

Jumatatu hiyo Celestine, mwalimu wa chekechea kutoka Itumbe, alileta gari lake la haibridi. Ni yale magari yenye petroli na betri kubwa, ambayo yakitembea kwa betri hayatoi sauti, yanakujia kama mwizi wa kuku.

“Aliyeniuzia alisema halina shida hata moja,” Celestine alieleza. “Redio tu ndiyo nibadilishe. Tena alikazania sana. Mwalimu, badilisha redio.”

“Huyo ni mtu wa mbinguni,” Okemwa alisema. “Wengine wanakuuzia injini maiti na hawakupi hata pole. Rudi saa nane, mwalimu. Utakuta skrini kubwa mpaka watoto wa shule wahamie humu.”

Celestine akaenda zake mjini Kisii kununua vitu vya darasa.

Okemwa kazi aliijua. Alifungua buti, akatoa ile betri ndogo inayolisha taa na redio, akaiweka mezani. Zile nyaya nene za rangi ya machungwa hakuzisogelea, maana umeme wake unaweza kuchoma fahali mzima. Gari likawa limekufa kabisa, halina taa wala honi. Ndipo akaivuta redio ya zamani.

Nyuma yake tundu lilikuwa limezibwa kwa jiwe.

Lilikuwa jiwe jeupe la sabuni, kama yale wanayochonga kule Tabaka, limelainishwa likaenea pale barabara, na limezungushiwa waya wa shaba. Mahali pengine mtu angejiuliza. Lakini Kisii nani hushtuka kwa jiwe la sabuni? Ndilo kinyago cha kiboko mezani, ndilo kisahani cha chumvi, ndilo linalozuia mlango usipigwe na upepo.

“Wajapani nao,” Okemwa alisema, kichwa kikiwa tunduni, “mpaka huku kwetu walikuja kuchukua mawe?”

Akalivuta. Lilitoka na sauti ndogo, kama midomo inayoachana na kikombe, na nyuma yake ikatoka harufu ya udongo wa chini sana, udongo wa shimo lililochimbwa leo. Akaacha mlango wazi ipungue.

Skrini mpya ilikuwa pana, lazima achore mstari kwenye plastiki kabla ya kukata. Kalamu ilikuwa imekauka. Akafanya kama kila mchomeleaji wa Suneka anavyofanya: alivunja kona ya jiwe, kipande cha ukubwa wa kidole, akakitumia kama chaki. Alipomaliza kuchora, kipande kilikuwa vumbi kwenye zulia la gari.

Mama akaja na chai, fimbo ikipapasa njia. Walizungumza Kikisii, nami nawatafsiria nikijikwaa.

“Ingia mama, kiti cha mbele...” Okemwa alianza, vumbi likampanda puani, akapiga chafya iliyotikisa kioo, kisha akamalizia, “...ni laini kama uji wa wimbi!”

“Yaya, baba,” mama alikataa; yaya kwao ni hapana. “Gari lisilo na sauti siingii. Nitajuaje kama limesimama ama limeshafika Nairobi?”

Okemwa akacheka. Kicheko chake kilikuwa kikubwa, cha kuanzia tumboni, na siku hiyo alikichekea ndani ya gari, uso umeelekea tunduni.

Kufikia saa sita koo lilikuwa linakwaruza. Akalaumu vumbi, akanywa maji, akaendelea kuongea. Saa saba alikuwa amelala chali chini ya dashibodi, tochi mdomoni, kwa mara ya kwanza siku nzima amenyamaza, na ndipo aliposikia kuna mtu anaongea.

Sauti ilikuwa ya chini. Ilitoka tunduni.

Alidhani ni simu. Simu ilikuwa mezani, kando ya betri. Akatega sikio.

“Wajapani nao,” sauti ilisema. “Mpaka huku kwetu walikuja kuchukua mawe?”

Ilikuwa sauti yake mwenyewe. Ikaendelea na yote aliyoyasema tangu asubuhi, moja baada ya jingine, bila haraka, kama mwanafunzi anayekariri kabla ya mtihani. Okemwa akatoa tochi mdomoni ili aulize, “Nani?” Ilitoka pumzi tupu. Akajaribu tena, akasukuma kwa nguvu zote za kifua, bado pumzi tupu. Kisha tundu, baada ya kufikiri kidogo, likasema kwa niaba yake:

“Nani?”

Alitoka humo kinyumenyume, akagonga kichwa, akaanguka, akainuka, na wakati huo huo mvua ya mchana ikashuka juu ya mabati, akakimbia kuelekea barazani huku harufu ya lile shimo ikimfuata kama mtu anayemshika shati, akafika mbele ya mama yake ameloa, anahema, midomo inachezacheza, na hakuna hata neno moja linalotoka.

Mama aliacha mboga. “Nani huyo?”

Okemwa akasogea.

“Nimeuliza nani!” Mama alisimama, fimbo mbele. “Mbona unahema tu? Okemwa! Okemwa, njoo, kuna mtu hapa!”

Kutoka kibandani, katikati ya kelele za mvua, sauti ya Okemwa ikajibu kwa furaha:

“Ingia mama...”

Na mama, masikini, akaikimbilia. Alimkimbia mwanawe akaenda kwa sauti yake, anakanyaga matope, anaita, “Nakuja, baba, nakuja!” Okemwa alimshika mkono, akapigwa fimbo ya sikio, alimshika gauni, akapigwa ya pili, “Niache, mwizi wewe!” na kadiri alivyomvuta ndivyo mama alivyozidi kuogopa na kukaza mwendo, hata hatua zikawa kumi, zikawa tano, mlango wa gari u wazi, ndani kuna giza kuliko gari la saa saba mchana linavyopaswa kuwa na giza, na kiti cha mbele, Okemwa alikiona kwa macho yake, kimebonyea katikati kama vile kuna mtu amekikalia anampashia mama moto.

Mama akashika mlango. Akainua mguu mmoja.

“Ingia mama, kiti cha mbele...” sauti ilisema, ikapiga chafya, ikamalizia, “...ni laini kama uji wa wimbi!”

Mguu wa mama ukabaki hewani.

“Hiyo chafya,” alinong'ona, “niliisikia asubuhi. Ni ile ile. Hakuna mtu anayepiga chafya moja mara mbili.”

Alirudisha mguu chini taratibu. Kisha, bila kugeuka, akanyoosha mkono nyuma. “Wewe unayehema. Lete kidole.”

Okemwa akampa mkono wa kulia. Mama akakipapasa kidole cha shahada, akalikuta lile kovu la kuungua kwa risasi ya kulehemu, kidonda alichomfunga kitambaa yeye mwenyewe. Akaanza kulia bila sauti, mkono hauachii.

Hivyo ndivyo Celestine alivyowakuta, mwavuli juu. Okemwa akachukua katoni ya skrini, akaandika: SAUTI YANGU IMO NDANI. MPIGIE ALIYEKUUZIA.

“Fundi, mimi si wa mizaha leo, nimeloa.”

“Nani?” gari lilimuuliza, kwa sauti ya mtu aliyesimama mbele yake amefunga mdomo.

Mwavuli ukaanguka. Celestine akapiga simu, spika wazi. Muuzaji alipokea kwa vishindo, akaanza kutania kuhusu mafuta. Akaelezwa.

“Kulikuwa na jiwe,” alisema. “Lirudisheni. Na msiongee humo ndani.” Akakata, na tangu hapo simu ile haipatikani.

Okemwa aliingia na jiwe. Mama alisimama nyuma yake, kiganja mgongoni, anaomba kimoyomoyo. Tundu lilipoliona jiwe liliyatema maneno yote ya siku nzima kwa mpigo, Wajapani na uji na skrini na mwalimu, kwa sauti inayopanda, inayobembeleza, nani, nani, nani, na pumzi baridi ikazivuta nywele zake kuelekea ndani. Akasukuma kwa viganja, akasukuma kwa goti, mpaka jiwe likakaa.

Kimya.

“Mama,” alisema. Neno lilitoka mdomoni mwake. Mama akakaa chini kwenye matope yale yale.

Ila kona ilikuwa imevunjika. Pengo la kidole kimoja lilibaki. Okemwa alilijaza gundi, juu akabandika utepe, akafunga skrini.

Wiki iliyofuata mama alimsimulia kioja cha jirani aliyekwenda mazishi yasiyo yake akala mara mbili. Akasubiri. Okemwa kilimchekesha, mdomo ulifunguka, mabega yakatikisika. Kicheko hakikutoka. Hakijatoka mpaka leo.

Celestine naye alituma ujumbe: skrini ni nzuri, asante. Lakini kwenye mteremko wa Nyamira, petroli ikijizima na gari likawa kimya, kiti cha nyuma huwa kuna watu wanacheka. Mmoja ni Okemwa, anamtambua. Wa pili hamjui.

Mnaniuliza ni mtu gani asiye na haya aliyemuuzia mwalimu wa chekechea kitu kama kile. Nimemtetea sana, nikasema labda alikuwa na haraka, labda aliogopa. Lakini tangazo la gari nimelisoma: “Safi, halina shida, badilisha redio tu.” Naujua mwandiko, ni wangu. Chekeni basi nyinyi, mimi na Okemwa vicheko vyetu viko kiti cha nyuma.