Uso wa Kabati

Haya yalimpata kaka yangu wa tumbo moja. Mimi nilikuwepo, na sitaki kujificha nyuma ya maneno: mimi ndiye niliyeyaanzisha, kwa mdomo wangu huu. Shuleni sikufika mbali, kwa hiyo nitaandika kama ninavyosema, na pale kalamu inapokosea mnivumilie. Makosa yangu mengine nitayataja mwenyewe.

Kaka ni seremala wa makabati. Karakana yake iko nyuma ya nyumba, chumba cha bati chenye meza moja ndefu, na dirisha lake linatazamana na dirisha la jiko, hatua kama sita hivi. Kazi yangu ilikuwa kupiga msasa, ndiyo maana hata majirani wakaniita Msasa. Shemeji, mke wa kaka, alikuwa akipika huku akitusikiliza, na utani wetu ulipita madirishani kutwa nzima. Akisema mbao zangu zina mabonde, namwambia mabonde yako kwenye macho yake. Siku ile ilianza hivyo hivyo. Jumanne, jua zuri, gundi mpya ndani ya chupa.

Kwa wasioijua kazi hii: kabati kwanza ni sanduku tu, liko wazi mbele. Kisha unaliundia fremu ya mbao, mbili za kusimama na mbili za kulala, unaipachika pale mbele ibebe mlango na kuficha ubaya wa kingo. Sisi tulikuwa tukiiita uso. Lete ule uso. Uso huu umepinda. Masikio yetu yalishazoea.

Saa mbili asubuhi akaja mteja. Alisimama mlangoni, mwanga ukiwa nyuma yake, akasalimia kwa adabu. Akasema kabati analo nyumbani, dogo, la kutundika ukutani, la siku nyingi. Limekosa uso tu. Akatoa kamba yenye mafundo, fundo la urefu na fundo la upana. Kaka akaipima, akasema kazi ni ndogo, aje saa tisa. Akamuuliza anataka uso wa namna gani.

"Wowote," akasema. "Mradi uwe mzuri."

Mimi nimeinamia ubao wangu, nikadakia. Nikasema kama ni uzuri, achukue wa shemeji, yule pale jikoni, maana sisi wengine tuna sura za kazi. Kaka akacheka, akapangusa vumbi la mbao kwenye ndevu zake fupi zenye mvi. Shemeji naye akajibu kutoka dirishani kwamba wake angalau una mtu wa kuutaka, wangu hata ukigawiwa bure nani ataubeba. Tukacheka tena. Mteja hakucheka. Aligeuza kichwa upande wa jiko, akatazama kwa utulivu, kama mtu anayechagua kitambaa dukani.

"Nimekubali," akasema, akaondoka.

Baadaye kidogo kaka akaniuliza kama yule alikuwa kijana au mtu mzima. Nikafungua mdomo nijibu. Nilikumbuka viatu vyake. Nilikumbuka vifungo vya shati, hata kucha zake zilizokatwa vizuri. Juu ya kola sikukumbuka kitu.

Kaka ana tabia moja kazini: haungi kona mbili kwa mpigo. Anapaka gundi kona moja, anaibana kwa vibano, anakaza skrubu mbili, anasubiri ishike, ndipo anahamia nyingine. Na uso wa kabati huungwa ukiwa umelala kifudifudi mezani, kwa sababu skrubu hupita mgongoni. Fundi haoni anachokitengeneza mpaka atakapokigeuza.

Kona ya kwanza ilishika saa nne. Muda si muda mwanamke mmoja akaingia karakanani na vikombe viwili vya chai. Nikamshukuru, nikamuuliza shemeji ameenda wapi.

"Umeanza," akasema, kwa sauti ya shemeji.

Nikamtazama tena. Alikuwa yeye. Nikajichekesha, lakini chai sikuimaliza.

Wakati kona ya pili inashika, jirani yetu alikuja kurudisha sufuria. Ni mama aliyeishi ukuta kwa ukuta na shemeji miaka tisa. Alimkuta uani, akamkabidhi sufuria, akamwomba ampe mwenye nyumba akirudi. Kisha akaenda zake. Shemeji akabaki amesimama juani na sufuria yake mikononi.

Kaka aliona. Akachukua chupa ya gundi. Na hapa naungama: nilishaanza kuelewa. Ningesema, pengine angesimamisha kazi. Nilinyamaza kwa sababu nilijua lile neno la asubuhi lilitoka kwa nani.

Kona ya tatu ilishika saa saba. Kaka alikuwa ameshapaka gundi ya kona ya nne na kuibana, bado skrubu tu, ndipo mtoto alipopiga kelele.

Binti yao wakati huo alikuwa na miaka minne. Alikuwa ameamka usingizini. Alivuka uani mbio bila viatu, akajificha kati ya miguu ya baba yake, akanong'ona.

"Baba, kuna mtu jikoni amevaa nguo za mama."

Tukaenda. Shemeji alikuwa ameketi sakafuni. Uso wake siwezi kuueleza, na si kwa kuficha. Macho yalikuwepo. Pua ilikuwepo. Mdomo ulikuwepo. Ukivihesabu, unavipata vyote. Lakini havikuwa vya mtu. Ukipepesa jicho, unaanza upya kumtafuta.

"Mume wangu," akasema taratibu, "mbona mnanitazama hivyo?"

Kaka akarudi karakanani mbio. Akafungua skrubu. Zikaanguka chini, moja moja, zote sita. Fremu haikulegea. Akachukua nyundo ya mti, akaipiga kona ya tatu pigo moja. Jikoni shemeji akalia. Nikakimbilia kule, nikamkuta damu inamtoka mdomoni, na hakuna aliyemgusa. Nikampungia kaka mkono dirishani. Usipige.

Akaiweka nyundo chini polepole. Akafungua kibano cha kona ya nne. Kona haikuachia. Ilikuwa ikijibana yenyewe, kidogo kidogo, gundi ikichuruzika pembeni kama jasho.

Nilisali. Sala ninayoijua tangu utotoni ilinitoka vipande vipande, mwisho mbele, mwanzo nyuma.

Saa nane, saa nzima kabla ya ahadi. Hatukusikia geti. Tulipoinua macho mteja alikuwa amesimama mlangoni, na mwanga ulikuwa nyuma yake tena. Saa hiyo jua huwa upande wa pili wa nyumba.

"Imebaki kona moja," akasema.

Kaka akamwambia, kwa sauti ya chini sana, kwamba yale yalikuwa masihara ya watu wa nyumba moja. Mtu na shemeji yake hutaniana. Mke si mbao. Mteja alisikiliza mpaka mwisho. Akasema yeye masihara hayajui. Aliulizwa, akajibu, akapewa, akakubali.

"Alitajwa kwa mdomo," akasema. "Mtajeni mwingine kwa mdomo. Bila uso siondoki."

Kaka akanitazama. Hakunilaumu, na ingekuwa nafuu kwangu kama angenilaumu. Mteja naye akanigeukia. Jibu la haki lilikuwa moja tu. Ulimi ulikuwa wangu. Sikuwa na mke wa kunisahau, wala mtoto wa kunikimbia. Na neno lenyewe ni fupi.

Niliinamisha kichwa, nikaanza kuhesabu skrubu kwenye vumbi la mbao. Zilikuwa sita. Nikazihesabu tena.

"Wangu," kaka akasema.

Akainama, akaziokota pale miguuni pangu. Akachukua bisibisi. Akazirudisha zote sita, akaongeza mbili. Alipoikaza ya mwisho, yule mtoto, ambaye muda wote alikuwa ameketi uani ameligeuzia jiko mgongo, akageuka. "Mama," akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, akainuka kumfuata.

Mteja ndiye aliyeugeuza uso pale mezani. Akauinua mbele yake, akatutazama kupitia katikati. Ndipo nikaona kuwa ana ndevu. Zilikuwa fupi, zina mvi kidogo kidevuni. Zilikuwa na vumbi la mbao.

"Msasa," akaniita. "Kazi nzuri."

Sikugeuka kumtazama kaka mpaka nilipoacha kusikia viatu vya mteja.

Huu ni mwaka wa pili. Kaka yupo, mzima, anakula, anafanya kazi. Wateja wakimkuta humuuliza fundi yuko wapi. Shemeji anamjua kwa mikono. Mtoto amefundishwa kumwita baba, naye humwita, ila akimwita hutazama nyuma yake kama anayemtafuta mwenye jina. Kaka mwenyewe akisimama mbele ya kioo anamwona mtu asiyemjua, na anaona haya kumnyoa mgeni. Ndevu sasa zinamfika kifuani.

Nilikwenda kuungama. Nikaambiwa nimwombe msamaha yeye kwanza. Nilimwomba, nimepiga magoti kwenye vumbi lilelile la mbao. Akasema amenisamehe. Nikainua macho nione kama ni kweli, na hapakuwa na uso wa kuusoma.

Sasa kuna jambo ambalo hatujamwambia mtu. Kila Ijumaa asubuhi, kwenye beseni la kunawia, tunakuta povu la sabuni na vinywele vya ndevu vilivyonyolewa. Vifupi, vingine vina mvi. Shemeji huvisafisha. Ijumaa iliyopita niliwahi mimi. Kaka nilimsikia chumbani, bado anakoroma. Beseni lilikuwa na maji ya uvuguvugu, na povu lilikuwa bado linapasuka. Mtoto alikuwa amekaa kwenye kigoda pale mlangoni, anatabasamu, amepakwa povu kwenye ncha ya pua.

Nikamnong'oneza, nani amempaka.

"Baba," akasema. "Ameshaondoka."