Sauti ya Chiriku

Duka la kutoa kopi lilikuwa limefurika, watu wanasukumana kana kwamba karatasi zinagawiwa bure. Mwalimu, gauni lake la kijani limelowa jasho mgongoni, alikuwa amekumbatia picha zilizochorwa na wanafunzi wake. Kijana wa mbele yake, shati jeupe, hedifoni zikining'inia shingoni, aligeuka akachungulia.

"Huyu ni samaki au nanasi?"

"Ni kakakuona. Na aliyemchora ana miaka minane."

"Mwambie nimekoma."

Alikuwa fundi wa sauti redioni. Mpaka kopi zinatoka, namba za simu zilishabadilishanwa.

Ukweli usemwe, walipendana haraka mno. Simu zikawa haziishi.

"Umekula, mpenzi?"

"Nitakulaje na wewe hujanipigia?"

Upuuzi mtamu wa kila siku. Lakini Mwalimu alikuwa na jambo lililomkaa moyoni: klabu ya watoto waliotaka kuwasemea wanyama wanaokwisha porini. Fundi akawatafutia nafasi redioni.

Walirekodi darasani, mablanketi yametundikwa madirishani kuzuia kelele. Mwisho akaja binti mwenye kigugumizi, ambaye Mwalimu alimwita Chiriku kwa utani. Alikuwa amehangaika naye muda mrefu mpaka akathubutu kufungua kinywa mbele za watu.

"Ka-ka-kakakuona hawezi kujisemea," alisema. "Baba mdogo ana ma-magunia ya magamba yake, a-anayauza. Chi-chini ya kitanda. Mimi si-sipendi."

Mwalimu akasimamisha kurekodi.

"Hiyo utaifuta," Mwalimu alimwambia Fundi mlangoni. "Niahidi."

"Nakuahidi, kipenzi."

Hakuifuta. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniudhi. Aliisikiliza tena na tena, ikamliza, akaona ni dhambi kuizika. Akafanya wanavyofanya mafundi wa sauti: akaishusha mpaka ikawa nzito, isijulikane ni ya mtoto wa nani. Akajipongeza. Kigugumizi alikiacha kama kilivyo, maana ndicho kilichomliza.

Kipindi kiliporushwa, baba mdogo alikuwa kwa kinyozi, redio imefunguliwa. Alimjua mtoto kwenye neno la kwanza.

Polisi walioitwa na Mwalimu walipofika, magunia yalikuwa yameshahamishwa. Chiriku walimkuta jikoni, mkono umevunjika, taya limevimba.

"Nilibadilisha sauti, naapa!" Fundi alipiga kelele kwenye simu.

"Ulibadilisha nini? Nyumba nzima wanajua anavyokwama!"

"Nilitaka watu wamsikie."

"Wamemsikia." Mwalimu akakata.

Kuanzia hapo simu ya Fundi iliita bila kupokelewa. Alikonda, akaacha kupiga pasi mashati. Mwishowe akatuma ujumbe akiomba jambo moja tu, kumwona mtoto, na Mwalimu akamkubalia.

Chiriku alikuwa amehamishiwa kwa bibi yake, kwenye chumba ambacho dirisha lake lilitazamana na ukuta wa jirani. Mwalimu alikuwa ameketi kitandani akimchana nywele.

"Hajasema neno tangu siku ile," alisema bila kumtazama Fundi. "Na mimi sikusaidii."

Fundi alichuchumaa.

"Nilimwahidi mwalimu wako, nikavunja ahadi. Nilidhani naijua kazi yangu. Umeumia kwa sababu yangu. Nisamehe, mwanangu."

Mtoto alimkazia macho. Taya likaanza kutetemeka.

"Wa-wa-wamepona?"

Kitana kilisimama kwenye nywele. Fundi angeweza kusema ndiyo. Neno moja tu, na yule mtoto angelala usingizi.

"Hapana," alisema. "Wale kakakuona walikuwa wamekwisha kufa. Na baba yako mdogo hawakumkuta na magunia. Wanasema kipigo ni mambo ya kifamilia. Ameachiwa."

Chiriku akageukia ukutani.

Mwalimu alimsindikiza Fundi mpaka kwenye ngazi, na hapo machozi yakamshinda.

"Umemwambia ukweli," alisema. "Asante."

"Nirudie. Nitasubiri hata miaka. Nataka kukuoa, unajua hivyo."

"Najua. Na mimi kila asubuhi naamka nikikupenda. Halafu nakuja hapa, naushika ule mkono wake, nakuchukia. Siwezi kuishi na vyote viwili nyumba moja."

"Basi nifanye nini, mpenzi?"

"Usinipigie tena."

Alijifuta uso kwa upindo wa kanga, akarudi ndani. Chiriku alikuwa bado ameutazama ukuta. Mwalimu akaketi nyuma yake, akaendelea kumchana nywele.