Ushuru kwa Kadiri ya Karai

Hebu niambie, umewahi kujificha usilipe ushuru? Basi usimcheke Awuor.

Awuor alianika omena, wale dagaa wa Ziwa Victoria, katika bichi ndogo, upande wa Kombewa. Kila asubuhi alinunua karai moja tu. Wingu likitanda, alizikimbiza omena ndani ya banda la bichi.

Ushuru wa bichi ulihesabiwa kwa wavu wa kuanikia. Mzee Absalom, mwenye mashua tatu, alilipia wavu mmoja mkubwa kama uwanja. Awuor alitozwa kiasi kile kile. Kwa hiyo yeye na wenzake wawili walianika kwenye wavu mmoja, wahesabiwe mtu mmoja.

Siku moja mvua ilishuka ghafla. Walikimbilia bandani, lakini paa lilikuwa limetoboka. Omena zililowa, zikaanza kunuka. Wenye kuku tu ndio walizitaka, tena kwa bei ya kutupa. Awuor alikaa, akashika tama. Watoto wangekula nini?

Rehma, jirani yake aliyetoza ushuru, akaketi kando yake.

"Pole, Mama Cliff."

"Pole ya nini? Mnakula ushuru wetu, paa linavuja!"

"Tunakula nini, dada? Wavu mmoja, wenyewe watatu! Mabati yatatoka wapi?"

"Yawa! Kumbe ulijua?"

"Kitambo. Nikipita, nyote mnaangalia ziwa kama watalii."

Awuor alicheka huku machozi yakimtoka. Rehma akamshika bega.

"Ushuru ni kama kuvuta mashua nchi kavu. Sote tunashika kamba, lakini mwenye nguvu huvuta zaidi. Kodi ya serikali pia ni hivyo. Hata ukinunua sabuni, kodi imo ndani ya bei. Ndiyo inayomlipa daktari na mwalimu."

"Sasa mimi wa karai moja nivute sawa na Absalom?"

"Hapo una haki. Kulalamika si kosa. Kosa ni kujificha. Kamati ya bichi imeitisha mkutano; njoo."

Mkutanoni Rehma alisema kila mtu alipe kwa kadiri ya makarai yake.

"Mnataka kuninyonya!" Absalom akafoka.

"Mzee," mama mmoja akamjibu, "mvua ikinyesha, omena za nani hulowa nyingi?"

Watu wakaangua kicheko. Absalom mwenyewe akacheka, akakubali. Awuor alikuwa na neno, lakini aliona haya. Aliyekuwa akijificha atauliza kwa mdomo gani? Akalimeza.

Tangu hapo kila mtu alianika kwenye wavu wake, akalipa. Mabati mapya yakapigwa. Mvua kubwa ikaja, omena zikabaki kavu, na mnunuzi kutoka soko la Kibuye akazichukua zote.

Rehma alipopita, Awuor alilipa, akapokea risiti. Kisha akamshika mkono.

"Ngoja, Mama Aqil. Siku ile neno lilinikwama kooni. Mabati nimeyaona. Pesa iliyobaki imefanya nini? Tusomewe hesabu mbele ya watu wote. Na uchaguzi wa kamati ukifika, taja jina langu. Nataka kuwa mwekahazina."