Zima Huo Wimbo, Kaka

"Leo hakuna redio," Maikolo alisema, akiunganisha simu yake na spika za gari. "Leo tunamsikiliza dada'angu, mwanzo hadi mwisho."

Kalolaine alikuwa kiti cha nyuma, trei ya lu mapajani, harufu ya nyama iliyofungwa kwenye majani na tui imejaa gari zima. Alicheka. Albamu yake ya kwanza ilipanda mtandaoni asubuhi hiyo, bila kampuni yoyote nyuma yake, na sasa walikuwa njiani kwenda kuizindua kwenye ukumbi wa klabu ya raga, pale mtaani kwao Mangere. Maikolo alikuwa amegoma kuionja hata kidogo mpaka siku yenyewe ifike. Godoro lake ndilo lililopigiliwa ukutani kwenye gereji ya Feleti ili sauti itulie, na yeye akalala sakafuni msimu mzima wa baridi bila kunung'unika.

Feleti ndiye aliyetengeneza midundo yote. Ndiye pia aliyeuchukua moyo wa Kalolaine, na Krismasi wazazi wa Feleti walikuwa waje na mikeka ya posa, kama ilivyo desturi yao.

Wimbo wa kwanza ukaanza. Maikolo, mtu mwenye shingo kama gogo, akawa anapiga usukani kama mtoto. Simu ya Kalolaine ikatetemeka.

"Mpenzi, nimeongeza zawadi mwishoni mwa albamu. Usinikasirikie. Utanishukuru."

Akaandika haraka: "Zawadi gani?"

"Ule ulionitumia nikiwa kazini Brisbane."

Ule haukuwa wimbo wa watu. Alijirekodi peke yake, akimwambia mwanaume wake jinsi kitanda kilivyokuwa kikubwa bila yeye, na hakumung'unya maneno. Kila kitu alikitaja kwa jina lake.

Na sasa ulikuwa ndani ya simu ya kaka yake, ukisubiri zamu.

Kaka na dada wa Kitonga, kwa mila ya visiwani kwao, hawasikilizi mambo ya mapenzi pamoja. Filamu ikikaribia busu, mmoja anakumbuka kiu na kwenda jikoni. Maikolo ndiye alikuwa bingwa. Redio ikianza tu kumlilia mpenzi wa mtu, mkono wake umeshafika, kituo kimehamia kwenye raga, naye anasema, "Wanaume wa siku hizi kulialia tu." Hajawahi kuchelewa.

Baba yao alichelewa. Kwenye harusi moja, mlevi alitamka neno la chumbani mbele yake na shangazi Lupe, dada yake. Hakuna aliyegomba. Ila hawakukaa tena chumba kimoja, hadi siku baba alipozikwa na shangazi akasimama barabarani, upande wa pili, analia peke yake. Kalolaine alimwona. Hilo ndilo alilokuwa analiogopa sasa, maana duniani alikuwa na kaka huyo mmoja tu.

"Uondoe sasa hivi," akaandika.

"Elfu mbili wameshausikiliza tangu asubuhi. Nani anaondoa kitu kama hicho?"

"Mwenye wimbo. Kaka yangu anaicheza albamu garini, Feleti. Nimo humo ndani."

Kisha: "Si mtu mzima yule? Ataelewa."

Feleti alikuwa mtoto wa pekee. Hakuwa na dada, hajui kinachopotea.

Kalolaine akajaribu kila njia. Akasema kichwa kinamuuma, Maikolo akapunguza sauti. Akasema simu itaisha chaji, Maikolo akaonyesha waya. Mvua ilikuwa inanyesha, magari yamejipanga hayasogei, na nyimbo zikawa zinaisha mmoja baada ya mwingine. Ukafika ule wa mama yao. Maikolo akajifuta macho na mgongo wa mkono, akasema mama angekuwepo leo angevaa kofia yake ya kanisani.

Kisha kimya, halafu spika zikatoa pumzi yake Kalolaine, ile ya karibu kabisa na kipaza sauti, kabla ya neno la kwanza.

"Kaka. Zima."

Maikolo alizima hapo hapo. Hakuuliza kwa nini. Aliyezoea kuzima hahitaji kuambiwa kinachozimwa. Macho yake yakapanda kwenye kioo, yakakutana na ya dada yake, yakashuka, na shingo ikaanza kuwa nyekundu.

Wakafika klabuni. Akashusha trei zote, akaongea na ile ya mwisho badala ya kuongea naye.

"Nitakuwa nje."

Ukumbi ulijaa. Kiti cha mbele, chenye koti la Maikolo aliloliweka mapema ili kisichukuliwe, kilibaki kitupu. Wasichana kwenye meza ya chakula walikuwa wanaimba kiitikio cha ule wimbo huku wakipakua. Kalolaine aliimba albamu yake akiliangalia lile koti, na watu wakadhani machozi ni ya furaha.

Alipomaliza wa mama, vijana wakaanza kupiga miguu sakafuni. Walitaka wa mwisho. Feleti, nyuma ya kompyuta, akamkonyeza na kupeleka kidole kwenye kitufe.

Kalolaine akachomoa waya wa spika.

"Unafanya nini?" Feleti akanong'ona. "Jamaa wa redioni yuko hapa. Nilimtumia wiki iliyopita, kaja kwa ajili ya huo."

"Wiki iliyopita?"

"Nilitaka kukushtukiza."

"Uondoe. Hapa, nikiona."

"Kalo, bila huo wimbo sisi ni watu wa gereji tu."

Kupitia dirishani alimwona Maikolo. Alikuwa ameenda hadi mwisho wa uwanja, chini ya nguzo za goli, ambako muziki haufiki. Ameupa ukumbi mgongo, mvua inampiga, hana koti.

"Nilikuimbia wewe," alisema. "Wewe ukanigawa."

"Nilifanya kwa ajili yako."

"Basi nifanyie na hili. Waambie wazazi wako wasilete mikeka."

Feleti akamtazama akidhani atacheka. Alipoona hacheki, akaufuta wimbo. Jamaa wa redioni akaondoka na sahani yake ya lu. Kalolaine akachukua koti kitini na kutoka. Alimpenda Feleti bado, na kila hatua ya kwenda kwenye gari ilimuuma.

Maikolo alikuja bila kuitwa. Akamfungulia mlango wa nyuma, akaingia mbele, maji yanachuruzika. Redio ilikuwa imezimwa. Wakapita daraja, wakapita kanisa, hakuna aliyekohoa. Kalolaine akamkumbuka shangazi Lupe kule barabarani, na moyo ukawa unamwambia kuwa hii ndiyo safari yao ya mwisho kwenye gari moja.

Kwenye taa nyekundu, Maikolo akawasha redio.

Mwanaume akaanza kuimba, anamsihi mpenzi wake arudi, anamkumbusha usiku wao. Mstari wa kwanza ukaisha. Kalolaine akafumba macho. Wa pili ukaanza. Kaka akiuacha ucheze, basi kwake yeye hakuna tena dada wa kumstahi.

Kitufe kikalia. Mtangazaji wa raga akajaa gari zima, akilalamikia penalti.

"Wanaume wa siku hizi," Maikolo alisema, macho barabarani, "kulialia tu."